Kisanduku cha Umeme cha Kompyuta: Jinsi ya Kukibadilisha kwa Usalama

Kompyuta ya mezani inapokataa kuwaka, mara nyingi hutiwa stoo kwa kudhaniwa kuwa imekufa. Huenda kilichokufa ni kisanduku kimoja tu: kile kipokeacho waya wa umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Kukibadilisha si kazi ngumu, lakini yataka maarifa.

Soketi zetu hutoa mkondo geu wa volti 230 hivi, unaobadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Kompyuta huhitaji mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kisanduku huunyoosha mkondo geu na kuulimbikiza katika kapasita kubwa, kisha huupunguza. Kapasita hiyo hujazwa hadi kilele cha volteji, yaani 230 × 1.414, ambacho ni volti 325 hivi. Chaji hiyo yaweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo kisanduku chenyewe kisifunguliwe kamwe, hubadilishwa kizima.

Kwanza hakikisha kuwa soketi, waya na fyuzi ya plagi ni vizima. Ikiwa kosa si hapo, tafuta kisanduku chenye umbo na plagi kama za kile cha zamani, na wati zisizopungua zake. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea: volti 12 kwa ampea 25 ni wati 300.

Sasa zima, chomoa waya wa umeme, na ungoje dakika chache. Fungua kasha, uguse bati lake tupu ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Chora mahali pa kila plagi kabla ya kuichomoa. Bonyeza kilimi chake, na uvute plagi, si nyaya. Fungua skrubu za nyuma, ambazo kwa kawaida ni nne, utoe kisanduku na kuingiza kipya.

Rudisha plagi ya pini 24 kwenye bodi kuu, pamoja na ile ndogo ya pini 4 au 8 inayolisha prosesa. Hii ya pili ikisahauliwa, feni zaweza kuzunguka huku kioo kikibaki cheusi. Baadhi ya visanduku vina swichi ya kuchagua volti 115 au 230. Hapa kwetu ni lazima iwe 230. Ikiachwa kwenye 115, kisanduku huungua mara kiwashwapo.

Zoezi kwa wanafunzi: kisanduku kinatoa wati 300 kwa ufanisi wa asilimia 80. Je, kinavuta wati ngapi kutoka kwenye soketi? Jibu ni 375. Wati 75 zinazozidi hugeuka joto, na ndiyo sababu kisanduku kina feni, na vumbi ni adui yake.