Istilahi: "Maji ya Sumaku"

Istilahi hii hutumika kutaja maji ya umwagiliaji yaliyopitishwa katika bomba lenye sumaku ili, kama inavyodaiwa, yarutubishe udongo na kuongeza mavuno. Twaona kuwa inapotosha. Maji hayageuki kuwa sumaku. Hata yakiwa karibu na sumaku yenye nguvu, husukumwa kidogo mno. Aidha, majaribio ya kilimo hayajatoa matokeo yanayolingana.

Huko Nyarugusu, mkoani Geita, wachimbaji wadogo huchenjua dhahabu kwa zebaki. Mkulima wa huko aweza kudhani kuwa maji hayo yamesafishwa, kumbe zebaki hainaswi na sumaku. Kwa hiyo twapendekeza "maji yaliyopitishwa kwenye sumaku". Jina litaje tendo lililofanyika. Lisiahidi mavuno wala usalama.