Dawa ya Bure Ililipwa na Nani?

Ndugu msomaji, mgonjwa wa malale akipewa vidonge leo, haombwi hata franga moja. Wengine wanafurahi. Wengine wanaona shaka, wanasema, "Dawa ya bure haina nguvu." Basi sikiliza habari ya dawa hizi, nawe utajua kwamba zililipwa, tena kwa bei kubwa.

UGONJWA WENYEWE

Malale, yaani ugonjwa wa usingizi, unaletwa na vijidudu ambavyo macho hayawezi kuviona. Inzi aitwaye mbung'o anaviingiza katika damu anapomwuma mtu. Kwanza mtu anapata homa, kichwa kinamwuma, mwili unamwasha, na tezi za shingo zinavimba. Baadaye vijidudu vinaingia katika ubongo. Mtu analala mchana, na usiku hapati usingizi. Tabia yake inageuka, hata watu wa nyumbani wanadhani amelogwa. Asipotibiwa, karibu hakika atakufa.

Tangu mwaka 1949 dawa ya ugonjwa ulioingia ubongoni ilikuwa melasoproli. Ndani yake mna aseniki, nayo ni sumu. Iliponya wengi, lakini iliunguza mishipa kama moto, na katika kila wagonjwa 20 karibu mmoja aliuawa na dawa yenyewe. Fikiri uchungu wa mama aliyemshika mtoto wake achomwe sindano hiyo!

DAWA ILIKUWAKO, LAKINI IKAKOSEKANA

Katika miaka ya 1970 wataalamu walitengeneza dawa iitwayo eflonithini, wakitumaini itaponya kansa. Kwa kansa haikusaidia sana. Lakini ilionekana kwamba inaua vijidudu vya malale. Wagonjwa waliokuwa karibu kufa waliamka. Mwaka 1990 Marekani iliikubali kuwa dawa ya malale.

Je, wagonjwa wa vijijini waliipata? Wachache tu. Mgonjwa wa malale ni mkulima, mvuvi au mwindaji. Hana fedha ya kununua dawa ya bei kali. Kiwanda hakikupata faida, kikaacha kuitengeneza. Halafu mwaka 2000 dawa ileile ilikubaliwa Marekani kuwa mafuta ya kupaka, ili kupunguza nywele zinazoota usoni mwa wanawake. Kwa nywele za uso fedha ilipatikana. Kwa uhai wa mtu haikupatikana.

Waganga wa Médecins Sans Frontières na wengine hawakunyamaza. Mwaka 2001 kampuni ya Aventis ilipatana na OMS, shirika la afya la ulimwengu, kutoa dawa hiyo bure kwa wagonjwa.

Lakini taabu ilibaki. Eflonithini peke yake ilitiwa katika mshipa mara 4 kila siku, kwa siku 14. Hesabu mwenyewe: ni mara 56. Hospitali ndogo ingewezaje? Ndipo waganga wakakumbuka nifutimoksi, vidonge vilivyokuwa vikitumika Amerika ya Kusini kwa ugonjwa wa Chagas. Wakaziunganisha dawa hizo mbili. Wagonjwa 287 wa Kongo zote mbili walikubali kujaribiwa. Mwaka 2009 matokeo yalitangazwa: dawa mbili pamoja zinaponya vema kama ile moja, na mshipa unatiwa dawa mara 14 tu.

KWA NINI FEDHA INAHITAJIWA?

Labda utauliza, "Kama dawa ipo tayari, gharama inatoka wapi?" Haitoshi kudhani kwamba dawa itafaa, lazima kuhakikisha. Kazi hiyo inataka wauguzi, maabara, magari na mafuta, na watu wa kumfuata mgonjwa kijijini kwake miezi mingi baada ya kupona. Dawa yenye wanunuzi wengi, kiwanda hulipa gharama hizo, kikijua zitarudi. Lakini dawa ya zamani kwa ugonjwa wa watu wachache, ni nani atakayerudishiwa fedha yake? Hakuna. Kwa hiyo lazima ilipwe na watu wanaotoa bila kungoja faida.

Kwa sababu hiyo shirika la DNDi liliundwa mwaka 2003, na Médecins Sans Frontières pamoja na taasisi za Kenya, India, Brazil, Malaysia na Ufaransa. Serikali mbalimbali na watoaji wengine wanalilipia kazi. Mwaka 2005 walifufua feksinidazoli, iliyokuwa imeachwa tangu miaka ya 1980. Wagonjwa 394 wa Kongo na Afrika ya Kati waliingia katika majaribio yake, na mwishoni mwa 2018 Kongo iliikubali. Sasa wagonjwa wengi wanameza vidonge kwa siku 10, bila kutiwa dawa mshipani. Aliyezidiwa sana bado hutibiwa kwa dawa zile mbili.

HATARI YA KUSAHAU

Mwaka 1998 karibu watu 40,000 walijulikana kuwa na malale. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka. Ni furaha, lakini ni hatari pia. Karibu na mwaka 1960 ugonjwa ulikuwa umepungua vivyo hivyo. Kazi ya kupima watu ikalegea, fedha ikaenda penginepo, na malale ikarudi kwa nguvu. Ugonjwa wa watu wachache husahauliwa upesi.

Basi wewe ufanye nini?

1. Wapimaji wakifika kijijini, nenda upimwe, hata kama hujisikii mgonjwa.

2. Homa isiyokwisha, tezi za shingo, usingizi wa mchana: nenda hospitali. Usipoteze miezi ukitafuta mchawi.

3. Meza feksinidazoli pamoja na chakula, si kwa tumbo tupu. Maliza siku zote 10, hata ukijisikia umepona.

4. Ukiombwa kuingia katika majaribio ya dawa, uliza maswali yako yote. Una ruhusa kukubali, una ruhusa kukataa.

Ndugu, usiviite vidonge hivi vitu vya bure. Wako waliotoa fedha, na wako wagonjwa wa nchi hii waliotoa miili yao ijaribiwe kabla yako. Usitupe hata kidonge kimoja.