Mji wa Kale Tunaoupita Kila Siku

Kila mwaka mabasi huleta watalii, na hata wanafunzi kutoka bara, kuja kuutazama Mji wa Kale wa Mombasa. Sisi tunaokaa humu twapita kila siku na mikoba yetu bila kuinua macho. Ukimwuliza mwenzako Ngome ilijengwa lini, atakujibu, "Zamani!" Ndiyo maana nimeshika kalamu nieleze machache.

Jina la asili la kisiwa chetu ni Mvita. Wazee husimulia kuwa latokana na Shehe Mvita. Wengine husema ni kwa sababu ya vita. Na vita vilikuwako kweli! Mwaka wa 1505 Wareno waliuteka mji wakauchoma moto. Mwaka wa 1593 walianza kujenga Ngome, yaani Fort Jesus, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Waingereza nao waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Mwaka wa 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka wa 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukitoka Ngomeni, shika Ndia Kuu. "Ndia" ni Kimvita, maana yake njia. Basi hata jina la barabara lafundisha lugha! Si mbali na hapo upo Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa mwaka wa 1570, kabla ya Ngome. Teremka hadi Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na upepo wa kaskazi. Meli kubwa zilipohitaji maji marefu, kazi ikahamia Kilindini, jina litokalo katika neno "kilindi".

Sasa zitazame nyumba zenyewe. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na huzuia joto. Dari hushikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti si ndefu, vyumba vingi ni vyembamba. Nje kuna baraza ya mazungumzo na mlango wa nakshi.

Mji huu ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka wa 1990. Lakini kwa maoni yangu sheria peke yake haitoshi. Mlango wa nakshi ukiuzwa, ukatiwa wa chuma, ule wa kwanza haurudi. Nyumba zikivunjwa moja moja, Ngome itabaki kama mzee aliyefiwa na jamaa zake wote.

Shime wenzangu! Leo jioni mwulize bibi au babu nyumba yenu ilijengwa na nani, kisha uandike. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.