Je, Wajua? Meru haupandwi kutokea mjini

Mlima Meru unaonekana wazi kutoka Ngarenaro, jijini Arusha, lakini njia halali ya kuupanda huanzia Lango la Momella, upande wa mashariki, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha. Tena ni lazima kuongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Anayepenya msituni kwa siri, akiumia, nani atajua pa kumtafuta?

Hifadhi kuzuia au kufunga njia si ukali wa bure. Kwa mfano, Januari 2006, mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, Kilimanjaro, yakaua Wamarekani 3. Njia ikafungwa kwa wote, hata wazoefu. Baadaye ilifunguliwa tena, na siku hizi wanaoipita huvaa kofia ngumu na kuondoka kabla ya mapambazuko, mawe yakiwa bado yameshikwa na barafu.