Vichekesho vya Sekunde Sita: Kwa Nini Havisahauliki?

Huenda umewahi kuona vijana wamekaa pamoja, mmoja anatamka maneno mawili tu, na wote wanavunjika mbavu. Ukiuliza kinachochekesha unaambiwa, "Ah, mama, hiyo ni ya TikTok." Wazazi wengi hufikiri huu ni upuuzi wa kupita tu. Je, ni kweli? Hebu tuangalie mfano mmoja kutoka Marekani.

VINE ILIKUWA NINI?

Vine ilikuwa programu ya simu iliyoanza kutumika Januari 2013, chini ya kampuni ya Twitter. Ilikuwa na sharti moja: video isizidi sekunde sita. Mtu aligusa kioo cha simu ili kurekodi, akiachilia, kamera inasimama. Hakukuhitajika studio wala mashine za bei. Vijana wengi, hasa Wamarekani weusi, walirekodi vituko vya nyumbani, shuleni na ndani ya gari.

Mwishoni mwa 2015, wachekeshaji wapatao 18 waliokuwa na wafuasi wengi waliwaambia wenye Vine wawalipe ili waendelee kutengeneza video. Hawakuelewana, wengi wakahamia kwingine. Instagram nayo ilikuwa imeanza kupokea video za sekunde 15 tangu Juni 2013. Oktoba 2016 Twitter ikatangaza kuifunga Vine, na Januari 2017 ikafungwa. Kwa hivyo iliishi miaka minne tu.

Lakini vichekesho vyake havikufa. Watu walivikusanya wakaviweka YouTube, na hata watoto waliokuwa wadogo mno wakati huo wanajua maneno yake. TikTok, iliyoenea duniani baada ya kuunganishwa na Musical.ly mwaka 2018, ilifuata njia hiyo hiyo ya video fupi zinazojirudia.

KWA NINI VINAKAA KICHWANI?

Kwanza, ni vifupi. Hakuna nafasi ya utangulizi. Ni kama methali: maneno machache, maana imekamilika.

Pili, vinajirudia. Video ya Vine ikifika mwisho ilianza tena yenyewe. Ukiitazama kwa nusu dakika, umeisikia mara tano. Mwalimu yeyote atakuambia kwamba linalorudiwa ndilo linaloshika.

Tatu, vinaigika. Kila mtu anaweza kusema yale maneno kwa sauti ile ile, akaongeza yake. Hapa kwetu wazee bado wanamkumbuka Mzee Ojwang' wa Vitimbi kwa namna alivyoongea, sio kwa hadithi nzima ya kipindi.

NANI ANAKULA MATUNDA?

Hapa ndipo penye shida. Mwaka 2014 msichana mmoja Mmarekani, Kayla Newman, alijirekodi akiwa ndani ya gari, akisifu nyusi zake zilizotoka kutengenezwa. Alisema ziko "on fleek", yaani zimepangika sawasawa. Neno hilo likaenea kama moto wa nyika. Wanamuziki wakaliimba, na makampuni makubwa yakalitumia kutangaza chakula na nguo. Yeye aliyelianzisha hakupata malipo kutoka kwao. Mwaka 2017 ilibidi aombe michango ya watu mtandaoni ili aanzishe biashara yake ya urembo.

Linganisha na Elsa Majimbo wa hapa Kenya. Mwaka 2020, wakati wa Corona, alijirekodi kwa simu akitafuna krisps na kuvaa miwani midogo ya jua. Watu wa nchi nyingi walimpenda, na makampuni ya mitindo ya ng'ambo yakafanya kazi naye. Tofauti ni kwamba watu walijua sura yake na jina lake, sio maneno yake tu.

TUFANYE NINI?

1. Vijana wafahamu sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda video uliyoitengeneza mwenyewe. Lakini neno moja au msemo mfupi haulindwi na hakimiliki. Video unaweza kuiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki, yaani KECOBO.

2. Weka jina lako ndani ya video yenyewe, ili ikisambazwa jina lisipotee njiani. Hifadhi nakala yako pia. Programu inaweza kufungwa kama Vine ilivyofungwa.

3. Usimrekodi mtu akianguka, akilewa au akilia, halafu umtume mtandaoni. Kicheko cha sekunde sita kinaweza kumfuata miaka ishirini. Kwa watoto tuwe waangalifu zaidi: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto.

4. Wazazi, msikimbilie kukemea. Kaeni na kijana, muulizeni, "Hii inachekesha kwa nini?" Mtajua anayoyawaza.

Agosti 2023 Bunge letu lilipokea ombi la kupiga marufuku TikTok. Ilivyotokea kwa Vine inatufundisha kwamba hata mlango ukifungwa, maneno yaliyokwisha kutoka hayarudi. Afadhali tuwafundishe vijana kuyatoa vizuri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Ni maneno gani ya video fupi yanayotumika sana kijijini kwenu? Nani aliyaanzisha?
- Je, kuna mtu aliyeumizwa na video ya kuchekesha? Mlimsaidiaje?