Redio Ikinyamaza, Nahodha Amwulize Nani?

Wavuvi na mabaharia wetu wa pwani wamezoea kutega sikio redioni kabla ya kung'oa nanga. Upepo watoka wapi, mawimbi yana kimo gani, mvua ipo au haipo: yote husubiriwa kwa mtangazaji. Hivi karibuni kituo ninachokisikiliza kilinyamaza siku kadhaa kwa ubovu wa mitambo, nami nikawasikia vijana dikoni wakiulizana, "Sasa tutajuaje?" Swali hilo, ndugu msomaji, lina jibu lililoitangulia redio.

Kwanza ni majira. Kaskazi huvuma Disemba hadi Machi, na kusi hushika zamu Aprili hadi Septemba, ukali wake ukiwa Juni na Julai. Baina yake ni tangambili, wakati wa pepo zisizo na kauli moja. Haya wazee hawakuyahesabu kwa mwezi mwandamo, kwani mwaka wake una siku 354 au 355, na Ramadhani huangukia mara kusi, mara kaskazi. Walihesabu kwa Nairuzi: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za ziada, jumla 365. Nahodha aliyejua yuko mwongo wa ngapi alijua kama ni wakati wa kusafiri au wa kupandisha chombo pwani.

Pili ni maji, na hapa mwezi mwandamo ndio mwalimu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua. Ukiwa nusu huja maji mafu. Mombasa, siku za bamvua, bahari hujaa mnamo saa kumi, alasiri na usiku, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50.

Tatu ni nyota. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika vitabu juu ya nyota na pepo za misimu. Na wazee wetu husema Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua.

Huu si uaguzi. Ghaibu aijuaye ni Mwenyezi Mungu peke yake. Kuzisoma alama alizoziweka ni jambo jingine.

Hata hivyo, elimu hii ina mpaka. Hueleza desturi ya msimu, haioni balaa litokalo mbali. Tarehe 26 Disemba 2004, tsunami ilipovuka Bahari ya Hindi, hapakuwa na nyota wala wingu la kuitangaza. Kenya habari za maafa ya Asia zilitangulia, polisi wakawaondoa watu ufuoni, na aliyeripotiwa kufa ni mtu 1. Somalia walikufa karibu 300. Mei 2024 nako, kimbunga Hidaya kilipoikaribia Tanzania, kilionwa na setilaiti kingali baharini.

Basi redio inyamazapo, tusikae kimya nayo. Tutafute kituo kingine, tupige simu kwa maofisa wa hali ya hewa, tuwaulize wenzetu wa bandari za jirani na vyombo virudivyo. Zikikosekana habari zote na uso wa bahari ukatia shaka, chombo kilale dikoni. Tawakali haimzuii mtu kumfunga ngamia wake. Na vijana, waulizeni wazee hesabu ya miongo wangali hai, kwani wao wakinyamaza hakuna fundi wa kuwatengeneza.