Ikuti hadi Sokoine: Mechi ya saa 10, safari ya alfajiri

MECHI ya Ligi Kuu pale Uwanja wa Sokoine, jijini Mbeya, ikipangwa saa 10:00 jioni, shabiki wa Ikuti wilayani Rungwe anaianza alfajiri. Anatafuta bodaboda ya kumtoa kijijini hadi kwenye lami kabla jirani yake hajaiwahi. Asubuhi ya siku hiyo bodaboda nazo zinajua kuna mechi, na bei inajua pia.

Hakuna anayemlazimisha. Kibanda umiza kipo, king'amuzi kipo, na kwa fedha isiyofika hata ya soda anaiona mechi ile ile, tena bao analirudiwa mara tatu, pembe hii na pembe ile. Mkataba wa miaka 10 ambao TFF iliusaini na Azam mwaka 2021, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, umeipeleka Ligi Kuu hadi kwenye migomba. Mtu wa Ikuti leo anaweza kukutajia kikosi cha kwanza cha Yanga bila kushika karatasi, na hajawahi kumuona mchezaji hata mmoja kwa macho yake.

Bado wapo wanaofunga safari, na ndio niliotaka kuwafahamu. Zaidi, nilitaka jibu la jambo moja unaloliona kila ukikaa jukwaani Sokoine. Inafika dakika ya 75 hivi, mechi bado haijaamuliwa, unaona kundi la watu linasimama, linafunga vifungo vya makoti na kutoka. Watu wa mjini huwazomea kidogo, eti mashabiki wa msimu. Wale si wa msimu hata kidogo.

WILAYA YA MABINGWA

Kwanza tuwekane sawa. Rungwe si mgeni wa soka. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, wale Banyambala, walipanda ligi ya juu na msimu huo huo wakabeba ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Timu ya mji mdogo wa milimani, unaojulikana kwa chai, ndizi na mvua, iliweka jina lake kwenye orodha ambayo klabu nyingi tajiri za leo hazijaingia. Sekilojo Chambua, aliyekuja kuwa nguzo ya Yanga na Taifa Stars, alipita hapo hapo.

Ubingwa huo haujarudi tena, na leo Rungwe haina timu Ligi Kuu. Ndiyo maana wazee wa huku wanapozungumzia mpira wana kiburi fulani ambacho kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anakisikia tu. Yeye akitaka kuona Ligi Kuu, njia ni moja: apande Kosta aende Mbeya.

Bahati nzuri Mbeya imempa sababu za kwenda. Tanzania Prisons, Wajelajela, walichukua ubingwa mwaka 1999. Halafu wakaja Mbeya City, wana Koma Kumwanya, timu iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji mwaka 2011. Msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, wakiwa chini ya kocha Juma Mwambusi, walimaliza nafasi ya tatu. Simba alikuwa wa nne. Ukitaka kujua lini zambarau ilikuwa rangi ya mtindo kutoka Mwanjelwa hadi Kasumulu, ni msimu huo.

JUMAPILI YA MATAWI

Kijana mmoja wa Ikuti, siku hizi anafanya biashara ya ndizi na parachichi, aliiona Mbeya kwa mara ya kwanza katika msimu huo. Alikuwa na miaka 13. Mjomba wake, ambaye habari za Banyambala wa 1986 anazisimulia hadi leo kama za jana, alimwambia wanakwenda mjini kumuona Azam.

Ilikuwa Aprili 13, 2014, na ilikuwa Jumapili ya Matawi. Bibi yake hakupendezwa. Katika nyumba ya Kimoraviani, mtoto kukosa ibada ya Matawi kwa ajili ya mpira si jambo la kuombea ruhusa mara mbili. Mjomba alizungumza na mama yake huyo kwa upole, akasema ndaga nyingi, na wakaondoka kabla kengele haijalia.

Anachokumbuka cha safari ni baridi na matope. Aprili ni mvua tupu huku, na njia ya kutoka Ikuti kwenda kwenye lami si ya kuvalia viatu vizuri. Viatu walivibeba kwenye mfuko. Baada ya hapo ni Kiwira, kisha kile kipande cha kupanda kuelekea Isongole na Isyonje ambako ukungu unalala barabarani na akina mama wanauza viazi kando ya lami, kisha gari linaanza kushuka Igawilo na masikio yanaziba. Alipoona Uyole, na malori yake ya Zambia yamejipanga, alidhani ndiyo mjini wamefika. Mjomba alicheka. Bado Nanenane, bado Sae, bado Mwanjelwa, bado Mafiati.

Kilichomshangaza Mbeya hakikuwa maghorofa. Ilikuwa watu wasiosalimiana. Kijijini kwao huwezi kupishana na mtu mzima ukanyamaza, na yeye aliamkia watu kuanzia stendi hadi getini, "shikamoo, shikamoo," mpaka mjomba akamwambia apumzike, hawezi kuwamaliza.

Sasa uwanjani. Sokoine, mali ya CCM, unaobeba jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine aliyefariki kwa ajali Aprili 12, 1984, si uwanja wa kukutisha kwa ukubwa. Ukizoea Benjamin Mkapa utauona wa kawaida kabisa. Mtoto wa Ikuti hakuwa amezoea chochote. Kwanza aliuona ni mkubwa mno, kwa sababu kwenye runinga wachezaji wanaonekana wanakaribiana, kumbe kutoka beki wa kulia hadi winga wa kushoto kuna shamba zima hapo katikati. Pili, aliona kimya. Hakuna mtangazaji. Mpira unapigwa na hakuna anayekwambia nani kapiga. Ilibidi amuulize mjomba kila mara, na mjomba naye alikuwa anakisia.

Azam walikuwa wanahitaji ushindi kuwa mabingwa. Gaudence Mwaikimba akafunga. Baadaye Mwegane Yeya akasawazisha na uwanja ukalipuka. Kijana anasema hakuliona bao la Yeya. Mtu wa mbele yake, jitu la miraba minne, alisimama. Akatulia akisubiri marudio.

Alisubiri kweli. Aliangalia huku na huku kutafuta marudio yataonyeshwa wapi, watu wanaruka juu yake, mjomba amepoteza kofia, na yeye anasubiri bao lirudiwe. Halikurudiwa. Anasema siku hiyo ndipo alipojua uwanjani ukipepesa macho umeliwa. Hadi leo bao hilo, ambalo alikuwepo likifungwa, hajawahi kuliona.

John Bocco akaweka la pili, Azam wakashinda 2-1 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza pale pale Sokoine, huku ikiwa imebaki mechi moja. Walimaliza msimu ule bila kupoteza mchezo. Kwa hiyo mtoto aliyetoka Ikuti kuona mpira kwa mara ya kwanza alishuhudia timu ya Chamazi ikichukua ubingwa mbele ya watu wa Mbeya walionuna. Si mwanzo mbaya, ingawa mjomba hakuongea hadi Igawilo.

HESABU YA GIZA

Sasa turudi kwenye dakika ya 75.

Chukua mechi ya saa 10:00. Ongeza mapumziko, ongeza dakika za majeruhi, filimbi ya mwisho inalia karibu saa 12:00. Watu wanatoka kwenye mageti wote kwa pamoja. Daladala za kwenda Uyole zinagombaniwa. Barabara kuu ya jiji ndiyo hiyo hiyo ya malori ya Tunduma, na ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umefanya foleni iwe sehemu ya maisha. Ukifika Nanenane kwenye magari ya Tukuyu na Kyela, giza limeingia. Bado safari ndefu hadi Tukuyu, ya milima, kona na ukungu.

Halafu kuna kipande cha mwisho, na hiki ndicho kinachowatoa watu jukwaani. Kutoka kwenye lami hadi Ikuti usiku ni bodaboda tu. Mwendesha bodaboda wa saa 3:00 usiku si yule wa alfajiri. Anakuangalia, anaangalia wingu, anataja bei. Vijana niliozungumza nao wanasema kipande hicho kimoja, kikiwa cha usiku na cha mvua, kinaweza kupita bei ya tiketi ya mzunguko. Na huna la kubishana, kwa sababu njia nyingine ni kutembea.

Anayetoka dakika ya 75 anaiwahi Kosta kabla nyomi haijamwagika, anapanda milima ya Isyonje kukiwa bado na mwanga kidogo, na anapata bodaboda kwa bei ya kibinadamu. Anayebaki hadi mwisho analipa. Ndiyo hesabu yenyewe. Mtu ametumia siku nzima na fedha ya wiki nzima, halafu sehemu ya mwisho ya mechi, ambayo mara nyingi ndiyo yenye mabao, anaisikiliza kwenye simu ya kondakta.

Simba au Yanga wakija, hali inakuwa ngumu zaidi. Tiketi hupanda, uwanja hujaa mapema, na aliyetoka mbali anakuta wa mjini wameshakaa. Kwa hiyo mtu wa Ikuti anaondoka nyumbani mapema zaidi ili aondoke uwanjani mapema vile vile.

Wenzetu kwingine wameliona. Ujerumani, klabu nyingi za Bundesliga zinauza tiketi ya mechi ambayo ndiyo hiyo hiyo tiketi ya treni na basi la mkoa kwa siku ile. Uingereza, Ligi Kuu yao iliweka kikomo cha pauni 30 kwa tiketi ya shabiki anayesafiri ugenini, tangu msimu wa 2016/17. Sisi hatuna treni ya kwenda Tukuyu, na sidhani kama kuna anayeidai. Lakini Bodi ya Ligi ndiyo inayopanga saa. Mechi ya saa 8:00 mchana inaisha saa 10:00 jioni na kila mtu wa Rungwe, Busokelo na Kyela anaona filimbi ya mwisho na kulala kwake. Najua runinga ina saa zake na ndiyo inayolipa. Pia najua klabu za Mbeya zinalalamika kuhusu mapato ya getini, na watu wa kulipa getini wako kilomita 70 kusini wakipiga hesabu ya giza.

Kuna jambo jingine dogo ambalo klabu zenyewe zinaweza kulifanya bila kuandikia barua mtu yeyote: kukodi Kosta mbili tatu za kuwasubiri mashabiki wa kusini hadi mechi iishe, nauli walipe wenyewe. Mbeya City walijenga jina kwa mashabiki wanaosafiri. Mabasi ya zambarau yaliwafuata hadi Dar es Salaam. Mtu wa karibu anayetaka kusafiri nusu ya siku hawajamgeukia.

KAMA NDIYO MARA YAKO YA KWANZA

Mbeya City wamerejea Ligi Kuu msimu huu wa 2025/26. Walishuka mwaka 2023 baada ya kufungwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo, wakakaa Championship misimu miwili. Kwa hiyo jiji lina timu mbili tena, na dabi ya Prisons na City imerudi.

Vijana wa Ikuti wananiambia ukitaka kumpeleka mgeni uwanjani, mpeleke kwenye dabi hiyo, usimpeleke kwa Simba wala Yanga. Nakubaliana nao. Nafasi ya kukaa inapatikana, na Mlima Loleza unauona vizuri bila kichwa cha mtu mbele yako. Kelele zote za pande mbili unazielewa kwa sababu zinatukanana kwa lugha moja. Beba koti hata kama jua linawaka, hasa Juni na Julai. Kula kabla ya kuingia. Chaji ya simu itunze, utaihitaji usiku.

Yule kijana wa ndizi ndiye anayeongoza misafara siku hizi, mjomba magoti yamegoma. Mara ya mwisho alichukua wadogo zake wawili ambao hawajawahi kuvuka Kiwira. Aliwaambia mambo mawili tu kabla ya kuingia getini: hakuna marudio, na leo hatutoki hadi refa amalize. Alikuwa ameshaongea na bodaboda mmoja wa kijijini tangu Ijumaa, ndugu yake wa ukoo, awasubiri kwenye lami hata ikifika saa 4:00 usiku. Alimlipa nusu kabisa mkononi, nusu ibaki hadi wafike.

Walifika saa 3:40. Watatu kwenye pikipiki moja, na dereva wa nne.